Jani la Isale Ndani ya Bahasha

Kibosho,
9 Agosti 1996

Mdogo wangu Ildefonce,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuitikia marahaba kabla hujaniamkia, maana ukimya wako umenichosha. U mzima huko Dar? Mama hajambo, ng'ombe amezaa, nami naandika mguu ukiwa juu ya kigoda.

Nilikukasirikia sana, sikufichi. Ulikuwa unafyeka mibuni ya baba ili upande nyanya. Nilipokushika shati, uligeuka na panga, likafungua shavu la mguu wangu hadi mfupa. Ukakimbia. Damu ilikuwa inaruka, nikafanya kama baba alivyotufundisha: nikachota udongo wenye samadi chini ya mgomba, nikaushindilia kidondani, nikafunga kwa majani makavu.

Damu ilikata, lakini mguu ulivimba, ukawa mweusi, ukanuka mzoga. Hospitalini Moshi, daktari Priska alinigombeza sana. Alisema udongo ule una vijidudu vinavyostawi pasipo hewa, nami nilikuwa nimevifungia mlango vikiwa ndani. Chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zilikuja kuvimeza vikiwa hai, navyo vikazimwagia sumu zikapasuka kabla hazijafika. Huku nyuma vilikuwa vinaozesha nyama yangu nikiiona.

Wakaikata nyama iliyokufa, kipande baada ya kipande, wakaacha jeraha wazi lipate hewa. Sindano juu ya sindano. Homa ilinichoma, nikawa napiga kelele nikikuita jina. Usaha ulipoanza kutoka, Priska alifurahi, akasema hizo ni maiti za askari wangu. Maana yake sasa wanafika vitani. Walishinda, ingawa nachechemea.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Mama alidhani nilikuwa nakulaani. Hapana. Nilikuwa nakuita uje unishike. Na polisi alipokuja kitandani kuniuliza, nilimwambia nilijikata mwenyewe nikimkatia ng'ombe majani. Hakuna anayekutafuta.

Najua kwa mila yetu mkosaji ndiye huleta jani la isale, na aliyekosewa akiletewa hawezi kukataa kusamehe. Lakini huko uliko utalipata wapi? Nimekuchumia mimi, pale mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani. Jani limo humu.

Niletee.

Mama anakusalimu, na ndama bado hana jina.

Kaka yako,
Filemon