Wageni wa Kompyuta Namba Saba

Jumatatu, 2 Juni 2025

Kinyaa. Nianze na neno hilo maana limenikaa kooni tangu asubuhi.

Maabara ya kompyuta hapa chuoni lazima uvue viatu mlangoni. Eti vumbi linaua mashine. Sawa. Je, soksi haziui watu? Baridi hii ya Mbinga, madirisha yamefungwa yote, wanafunzi ishirini na wawili na soksi zao za wiki nzima! Kibodi zinanata. Herufi A ukiibonyeza inazama hairudi. Kuna mtu alikula embe juu ya ile ya kwangu, na embe si msimu wake, kwa hiyo uchafu ule una nusu mwaka.

Afadhali Hilda. Tumelala chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza na sijawahi kumwona na roho mbaya. Ripoti yake ya utafiti kashamaliza, mimi yangu mwisho Ijumaa ya tarehe 13 na sijafika hata nusu. Ameniachia kompyuta yake, namba saba, ile ya dirishani. Ndiyo pekee isiyoganda. Akanivisha na sweta lake jekundu, maana sisi wa Lituhi baridi hatuijui, kule ziwani shuka moja linatosha. Akasema kaa pale pale Beata, wote wanajua ni pangu, hakuna wa kukusumbua.

Yeye mawazo yote yako Mkumbi kwa Damiano. Miaka miwili wamesubiriana! Kahawa ikishachumwa wazazi wa Damiano watapeleka barua ya posa kwao Litumbandyosi. Kitenge cha siku hiyo kashakishona. Ana picha pia aliyopigwa na Damiano mwezi wa nne, amekaa hapo hapo namba saba, na sweta hili hili, anacheka amejiziba uso kwa mkono. Damiano kaionyesha ukoo mzima. Basi Hilda akiitaja picha hiyo anaona haya mpaka masikio!

Kurasa nne leo. Mikono nimenawa mara tatu, bado inanata.

Jumanne, 3 Juni 2025

Leo nimeona mambo.

Saa nane mchana wameingia watu watatu siwajui. Bibi mmoja, mama wa makamo, na mzee wa koti. Wakavua viatu mlangoni kama sheria inavyotaka — Mungu nisamehe, harufu ya viatu vya yule mzee! Nikawaamkia shikamoo, nikasogeza kiti. Wanasema wamekuja kuangalia matokeo ya mtoto kwenye mtandao. Nikauliza namba yake ya mtihani. Wakatazamana. Hawana. Shule gani? Wakatazamana tena. Mwisho bibi akasema basi mwanangu, tutapumzika kidogo tu, endelea na kazi yako.

Wakakaa nyuma yangu. Saa nzima!

Mama akafungua karanga za kuchemsha, akawa anamenya juu ya meza yangu. Maganda yenye maji yameingia kwenye kibodi. Mzee akanusa ugoro, akapiga chafya. Kioo cha kompyuta kikapata madoa ya kahawia. Nikafuta na karatasi. Hakuna aliyesema samahani.

Halafu bibi akainama kutazama miguu yangu. Sina viatu, nitaificha wapi? Alitazama visigino, kimoja, kingine. Akanishika mkono, akaugeuza, akapapasa kiganja kwa dole gumba. Wakasemezana Kimatengo. Mimi Mnyasa, sikuambulia kitu.

Na maswali! Kwenu kahawa mmeshaanza kuchuma? Nikasema bado. (Kwetu kahawa tunaiona ndani ya gunia tu, lakini sikutaka maongezi.) Kanisani unaimba? Naimba. Unaumwaumwa? Siumwi. Chooni hapa mnafagia wenyewe au kuna mtu? Ndiyo, mbele za wenzangu wote nimeulizwa habari za choo.

Wameuliza kila kitu isipokuwa jina langu. Watu gani hao?

Jumatano, 4 Juni 2025

Nimejua watu gani.

Mwalimu Kiliani, msimamizi wa maabara, amenicheka mpaka akakaa chini. Anasema wale hawana mtoto wala matokeo. Wamekuja kumchunguza binti. Kwao ndivyo: kabla ya barua ya posa, upande wa kijana unatuma watu wakamwone msichana akiwa hana habari. Wanajifanya wapita njia. Hawajitambulishi, na jina hawaulizi kamwe, wakiuliza tu wameshajulikana. Na kesho wanarudi, wamemwambia yeye wakati wa kutoka.

Nikakumbuka Pasaka. Baba mdogo Mansuetus alisema rafiki yake ana kijana, yuko Songea, anatafuta mke msomi, na mimi eti umri unakwenda. Miaka ishirini na mitatu! Nilidhani anatania. Kumbe kawatuma.

Nimepimwa kama mbuzi mnadani. Bado nahisi lile dole gumba kiganjani. Nasikia kinyaa mpaka naogopa kula.

Sijamwambia mtu, hata Hilda. Yeye yuko kwenye furaha ya posa yake, atasema nivumilie, ni heshima. Heshima gani! Kesho waje tu. Watanikoma.

Alhamisi, 5 Juni 2025

Wamekuja. Nimewamaliza!

Nilijiandaa. Nilinunua dagaa wa kukaanga, nikaweka gazeti juu ya kibodi, nikala kwa mikono huku naandika. Sweta la Hilda nikalifanya kitambaa cha kufutia mikono. Nilipoona viatu vinavuliwa mlangoni wala sikuinuka. Bibi kafika, kasimama anasubiri shikamoo yake. Nikamwambia, "Mambo?"

Wenzangu wote wakageuka. Bibi akavuta kiti.

Akakaa. Akaomba maji ya kunywa. Nikamnyooshea kidole, bomba liko nje. Mama akauliza, kwa sauti ya kubembeleza, likizo huwa unasaidia kuchimba ngolo? Ngolo ni yale mashimo yao ya milimani wanayolimia mahindi, ukitazama kwa mbali mlima mzima una matundu. Nikasema jembe silijui, matope siyataki, na nikiolewa nitataka wasichana wa kazi wawili, mmoja wa kupika, mmoja wa kumtunza mama mkwe ili nisimshike. Nikalamba vidole.

Mzee ndiye aliyeinuka kwanza. Bibi alipofika mlangoni alihangaika na kiatu, na mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu tu. Sikwenda kumsaidia. Akageuka, akasema taratibu, "Haya mwanangu. Mungu akutunze."

Afadhali angenitukana.

Lakini nimeshinda. Mansuetus atasimuliwa, hatarudia.

Ijumaa, 6 Juni 2025

Kurasa tisa. Hakuna mgeni. Namba saba inanuka dagaa, mwenyewe nimeshindwa kukaa vizuri. Wenzangu wamehama safu nzima.

Jumapili, 8 Juni 2025. Pentekoste

Baada ya misa nimempigia mama. Nikamwambia kwa hasira, mwambie baba mdogo asinitumie watu wake tena. Mama akauliza watu gani. Nikaeleza. Akacheka, akasema yule kijana wa Songea alishaoa mwezi uliopita, Mansuetus mwenyewe alikula pilau huko. Hakuna aliyetumwa kwako, mwanangu.

Hakuna aliyetumwa kwangu.

Sweta jekundu liko kwenye msumari. Nimelitazama muda mrefu. Hilda alikuwa anaimba anapiga pasi.

Sitaki kufikiri.

Jumatano, 11 Juni 2025

Nimefikiri, na ndivyo ilivyo.

Hilda amelia tangu saa nne. Damiano kapiga simu. Baba yake amekataa kupeleka barua. Shangazi Kunigunda, bibi mkubwa wa ukoo, ambaye hakuna anayempinga, amesema yule binti wa chuo hafai: hana adabu, mvivu, mchafu, anadharau wazee. Amesema hayo analia. Damiano anasema hajawahi kumwona shangazi analia.

Hilda anarudia jambo moja tu: lakini hawajawahi kuniona! Wanichukie kwa lipi? Hawezi kujua. Hao watu hawasemi walikwenda lini wala wapi, wanatoa hukumu tu. Basi ameamua ni fitina. Amemkumbuka Rosemary wa chumba cha pili, aliwahi kumtaka Damiano mwaka juzi. Akaenda akamgombeza koridoni mbele ya watu. Rosemary maskini alikuwa anakwenda kuteka maji, ndoo mkononi.

Na mimi? Nilikuwa nakoroga chai. Chai ya Hilda, sukari vijiko viwili kama anavyopenda. Nimepata nafasi ya kusema alipofunga mlango, nimepata tena alipoegemeza kichwa begani kwangu, nimepata aliposema wewe ndiye umebaki, Beata. Nimesema pole. Pole!

Wiki nzima nimeandika humu kinyaa, kinyaa. Karanga, ugoro, soksi za watu. Vile vyote vinafutika na karatasi.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Ripoti nimekabidhi. Mwalimu Kiliani ameuliza, vipi, wakwe wameridhika? Nimecheka. Sijui kicheko kimetoka wapi.

Damiano amewapigia magoti wazee. Amesema msichana mnayemsimulia si wangu, mimi namjua wangu. Wamekubali kurudi mara moja tu, kesho, hadharani, na yeye atakuwepo. Bibi Kunigunda amesema akienda akakuta yale yale, jina la Hilda lisitajwe tena nyumbani kwake.

Hilda kafurahi! Anasema kesho watamwona yeye mwenyewe, fitina ya Rosemary itaishia hapo. Ameomba sweta lake, lile la kwenye picha, wamtambue.

Nimelifua mara mbili. Bado dagaa wamo. Amenusa mkono wa sweta, akakunja pua, akauliza linanuka nini. Nikasema sabuni mpya.

Nitamwambia asubuhi.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Asubuhi alikuwa anasuka nywele. Sikusema. Halafu alikuwa anasali. Sikusema.

Akaniambia tushuke wote, wewe rafiki yangu, uwaambie tabia yangu, wewe unajua kuongea. Nikasema tumbo linaniuma. Si uongo. Akaniwekea maji ya moto kwenye chupa na blanketi lake juu ya miguu. Akashuka peke yake.

Nipo dirishani, ghorofa ya juu ya bweni. Naandika nimesimama. Nimevaa kiatu kimoja, nilianza kumfuata, nikarudi.

Wamefika. Damiano mbele. Mzee ana koti lile lile. Yule mama kabeba kikapu, kwa hiyo hawakuja mikono mitupu, kwa hiyo bado wana nia. Bibi anatembea polepole.

Hilda amepiga magoti kwenye changarawe. Amepiga magoti kabisa, na kitenge kile kipya! Ameshika mikono ya bibi kwa mikono yake miwili. Shikamoo yake naisikia mpaka huku juu.

Bibi haitikii. Anatazama sweta. Anamtazama Hilda usoni. Anaugeuza mkono wake, anapapasa kiganja kwa dole gumba. Muda mrefu. Anamuuliza kitu Damiano. Damiano anatikisa kichwa, anacheka, anamwonyesha Hilda: huyu, ndiye huyu.

Bibi ameinua macho. Anatazama madirisha ya bweni, moja moja. La chini. La katikati.

Ameniona.

Ananitazama tu, na mkono wa Hilda bado ameushika. Hilda naye amegeuka, kuona bibi anatazama nini.

Ameniona. Amefurahi! Anatabasamu meno yote nje, ananipungia mkono, anamwambia bibi kitu, bila shaka jina langu. Ananiita nishuke.

Kiatu cha pili sikioni.