Jiwe Lililolainika

Masaba, Busia

Mjukuu wangu mpendwa Nafula,

Uniwie radhi kwa kukaa kimya muda mrefu. Jicho lilikuwa likitibiwa, na sasa ninaona vyema. Nyanya yako hajambo, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeuliza kwa nini ninayatetea mafungo ya kanisa kule Kwapa, zile siku za ukimya na sala, ilhali wazee wenzangu wanataka yafutwe kwa sababu huangukia msimu wa palizi.

Nilipokuwa kijana, mama yangu aliliacha shamba la wimbi likiwa na magugu, akajiandaa kwenda mafungo. Jirani yetu akamcheka kutoka njiani: "Mama Wandera, Mungu ndiye atakayekupalilia?"

Mama alikuwa ameliinamia jiwe lake la kusagia, akiligonga kwa kokoto ili likwaruze tena.

"Shemeji, unaona ninasaga?"

"Hapana, unaligonga tu."

"Limelainika kwa kusaga. Likiwa hivi, nitasaga kutwa na wimbi litoke zima. Nami nimelainika vivyo hivyo."

Aliporudi, magugu yalikuwa yamezidi, tukayapalilia pamoja. Mavuno ya mwaka ule siyakumbuki. Ninakumbuka kwamba nilipomwita shambani, aliliweka jembe chini, tofauti na zamani, akanisikiliza mpaka nikamaliza.

Jumapili wazee tutakutana. Uamuzi ukishafikiwa nitakuandikia. Nyanya yako, lakini, hakuungoja: amekwisha kukunja mikeka miwili ya kwenda nayo Kwapa.

Akupendaye,
Babu yako