Zamu ya Mama Festo

Alhamisi, Pito

Na bado naona aibu. Rozari ya jumuiya tunasali kwa zamu, kila wiki nyumba moja, na mimi mwenyekiti ndiye ninayetangaza. Jumapili nilimruka Mama Festo makusudi, nikataja kwangu. Nilijiambia namhurumia. Uongo. Niliogopa maneno ya watu.

Wiki ya pili hii tangu Baba Yustina akatwe panga hadi kufa mlangoni kwake, nyumba ya tatu kutoka hapa. Polisi wanamshikilia Festo. Tangu siku ile nafunga komeo, kisha naegemeza gunia la mahindi mlangoni, na usingizi hauji.

Leo saa kumi tumeshakaa, mjane wa marehemu, Mama Yustina, akaingia. Hakuketi.

"Mama Neema, zamu ni ya nani?"

Nikababaika. Akasema, "Basi twendeni kwake. Na yeye ana mtoto."

Tukaenda, ingawa watatu walirudi makwao. Mama Festo alikuwa uani anapeta ulezi. Alipotuona ungo ukamponyoka, ulezi wote chini. Akaingia ndani kuleta mkeka.

Rozari ina Baba Yetu sita. Mara zote sita, tulipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, Mama Yustina alinyamaza. Tukishapita, anaendelea na sisi.

Mimi nilitamka yote, kwa sauti ya mwenyekiti. Na sasa hivi nimetoka kuegemeza gunia.