Mende wa Hariri

Jumatatu, 3 Machi
Mende wangu amekubaliwa! Mwenye ukumbi ameona picha, kasema aje Jumamosi kwenye maonyesho, ukuta wa mbele kabisa. Mende wa uzi wa hariri, mkubwa kama sahani, miezi ya kujichoma vidole. Nimemwambia mume wangu. Akauliza, hawakuwa na nafasi ya ua? Ahsante, baba watoto. Kwa kunitia moyo hujambo.

Jumanne, 4 Machi
Mama yuko kwetu, anatumia matone ya daktari wa macho. Ndiye aliyenifundisha kutarizi — waridi, waridi, na kwa mabadiliko, waridi. Nilimwonyesha mende. Akamsogeza mpaka puani. Kisha akauliza kama chai imeiva. Bora angenitukana!

Jumatano, 5 Machi
Jirani kaja kumjulia mama hali. Nikamsikia mama akimweleza kwamba natarizi "vitu vya bustanini". Vya bustanini! Huyu ni wa chini ya sinki, mama, na unajua. Nikawapelekea chai. Umri wangu huu, mama wa watoto wawili, bado nasubiri mama yangu aseme "vizuri". Aibu tupu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemaliza masharubu. Mama hajauliza.

Ijumaa, 7 Machi
Nimerudi na fremu, namkuta mama kwenye kiti changu. Mende mapajani kwake, kalazwa kifudifudi. Mkasi mkononi! Nilipiga ukelele kama nimeona mende wa kweli.

Wala hakushtuka. Anasema hana ugomvi na mende, kila mtu na wadudu wake. Ila huku nyuma! Kapitisha vidole, kakuta mafundo, nyuzi zinaning'inia. Ndivyo nilivyokufundisha? Kazi ya mwanangu iende mbele za watu, nyuma iko hivi? Nikamwambia, mama, inatundikwa ukutani, nyuma nani ataona? Akanitazama kama nimesema watu hawaogi migongo.

Bawa la kushoto keshalifumua lote. Lote! Atalirudisha leo leo, anasema, nisimkalie kooni. Kazi ya mwanangu — kasema mara mbili. Kazi! Nilitaka kukasirika vizuri, hata hilo kanivurugia.

Akanipa sindano nimtungie, tundu halioni. Na uzi kachagua mwenyewe. Wa kijani. Mende wangu ni wa kahawia, kahawia mwili mzima.

Huu si ndio wa kahawia, kaniuliza, anaukodolea macho dirishani.

Nikatunga.

Sasa naandika hapa pembeni, najifanya napanga nyuzi. Mishono yake midogo, imenyooka, hata fundo moja hakuna. Bawa la kijani kwenye mende wa kahawia, kesho ukuta wa mbele kabisa. Mwenye ukumbi atazimia. Mama anaimba kwa pua, sijamsikia hivyo tangu aanze matone.

Ananyoosha mkono, uzi umekwisha. Wa kahawia umejaa tele mezani. Naacha hapa, naenda kumtafutia wa kijani mwingine.