Mtani, Kile Kimashine Hakikukosea

Mtani wangu Mzee Athumani,

Kilosa nzima wanaisimulia vibaya habari yako na kile kimashine cha kupima sukari. Wengine wanasema kilipasuka. Wengine eti ulikitupa dirishani. Waongo wa juzi hao! Mwongo mzoefu niko hapa, na siku ile nilikuwepo.

Tulikuwa Mikumi, zahanati anakofanya kazi binti yako Mwanahawa. Njia nzima ulikuwa unamenya miwa, Msagara wewe, mlafi kama ukoo wako wote. Mwanahawa akakuchoma kidole, damu ikagusa kile kikaratasi, namba ikaruka juu mpaka akashika kichwa. Kisha akakinusa kidole chako. "Baba! Hebu kanawe kwanza." Ukanawa, akachoma tena, namba ikashuka, ingawa sukari ulikuwa nayo kweli. Hapo ndipo uliposema, "Hiki kinapima miwa, hakipimi mtu."

Msibani kwako nikalitoa neno hilo. Si unajua, mtani haombi ruhusa. Nikajilaza njiani mbele ya jeneza, nikasema hupiti mpaka watu wasikie. Wakacheka huku wanafuta machozi. Hajazaliwa Mnyamwezi wa kuchekesha msiba kama mimi, waulize hata watu wa Msowero.

Sasa ona. Mwanahawa akija huku kijijini Chanzuru kupima watu, wanamcheka: "Marehemu baba yako mwenyewe alisema kinapima miwa!" Anafunga mkoba wake, anaondoka. Jirani yako Bi Tatu naye alicheka hivyohivyo. Mwezi uliopita kakatwa mguu.

Nami mkojo wangu ukaanza kuvuta sisimizi. Nikaenda Mikumi kimyakimya, nikanawa mpaka viwiko kama naenda kuswali. Nikamuuliza Mwanahawa, hivi humu mna nini? Akasema kwenye kikaratasi wamepaka kitu kinaitwa kimeng'enya. Chenyewe na sukari tu. Chumvi hakigusi, mafuta hakigusi. Kikiivamia sukari unatoka umeme kiduchu, kimashine kinauhesabu. Mtani, nimekula karamu za wilaya nzima, sijaona mlaji mwenye adabu namna hiyo!

Mgongo wangu huu unaouma nao wakaupeleka hospitali kubwa, kwenye mashine ya sumaku. Unaingizwa ndani ya bomba, linagonga kama karakana ya reli. Fundi akaniambia maji ya mwilini yana chembe ndogo mno. Zikipigwa wimbi la redio zinaitika, mashine inasikiliza zinavyoitika, inachora picha. Haki ya Mungu, chembe zangu zinaitika upesi kuliko wajukuu zangu. Nimelala mle najiuliza tu: nani aliwaza kwanza kwamba maji yanaweza kuitwa?

Sukari ninayo, mtani. Nameza vidonge. Miwa naiangalia tu kama mke wa mtu.

Nakuahidi, Ijumaa watu wakitoka kuswali nitasimama pale nje, niwaambie wote, Bi Tatu akiwepo. Nimezoea kuchekesha watu; siku hiyo sijui watanitazamaje. Lala salama, Msagara. Huko uliko waachie na wenzako chakula.

Maana lile neno la miwa hukulisema wewe. Nililitunga mimi, palepale mbele ya jeneza lako, watu wacheke. Wewe ulinawa mikono, ukanyoosha kidole kingine, ukasema, "Haya mwanangu, choma tena."