Mawe ya Shaba Kwenye Chumba cha Mizani

Queensbury,
London N.W.9.
21 Juni 1970

Mpendwa Mjomba Badrudin,

Ya Ali Madad, na shikamoo nyingi. U mzima? Kifua vipi na baridi ya Juni? Mami Shirin bado anakuchemshia tangawizi, au umeshaanza kumkimbia? Sisi huku wazima. Mama miguu inamsumbua kwenye ngazi za stesheni, lakini ulimi wake haujambo kabisa.

Utashangaa kuona nimekuandikia Kiswahili badala ya Kigujarati. Nimefanya makusudi. Nataka uisome barua hii, halafu umpe Harrison naye aisome mwenyewe, neno kwa neno, bila mtu wa kumtafsiria.

Jumatatu asubuhi nilipata barua ya binti yako Nurbanu. Katikati ya habari za uchumba wake ameandika, kama mtu anayetaja mvua, kwamba tangu Harrison afukuzwe kwa kuiba mawe ya shaba ya kupimia, karakana yako ya mizani haijapata fundi mwingine wa maana. Mjomba, nilikaa kitako mlangoni. Harrison hakuiba kitu. Mawe yale niliyachukua mimi.

Niliyachukua na sanduku lake zima, Februari ile ya sitini na nane, tulipokuwa tunakimbizana na ndege, sisi Wahindi wenye pasi za Kiingereza, kabla Uingereza haijatufungia mlango. Nilijiambia serikali inahamia kwenye kilo, sasa Mjomba atafanya nini na ratili na wakia? Nilijiambia nitakuandikia nikifika. Nilipofika nikaona haya, nikanyamaza. Miaka miwili na zaidi! Na kumbe mwenzangu, aliyenifundisha kunoa makali ya chuma kinachobeba mkono wa mizani bila kujikata vidole, anabeba magunia ya watu stendi ya mabasi, ndivyo anavyoandika Nurbanu.

Katika barua yako ya sikukuu ya Navroz uliniomba nikueleze viwanja vya mbio za farasi vya huku. Nakueleza leo, kwa sababu Jumatatu hiyohiyo jioni nilikuwa kwenye kimoja kikazi, barua ya Nurbanu mfukoni na mawe yako mkononi.

Kiwanja chenyewe ni Alexandra Park. Kimo ndani ya London, si kama kile chetu cha Ngong Road ambako wewe, mimi na Harrison tulikuwa tunakwenda Jumapili na mkoba wa sambusa. Hiki kina miaka mia na miwili. Juu yake kuna kilima chenye jumba kubwa ajabu, na wasio na tiketi hukaa kwenye majani kule juu wakaona kila kitu bure. Ungepapenda, najua ungekaa huko huko! Njia ya farasi imekaa kama kikaango: mpini mrefu, halafu duara. Wanatoka kwa mpini, wanazunguka duara, wanarudi kwa mpini uleule. Kona zimebana mpaka unashika roho. Wenyewe wanasema siku zake zimekwisha, na kwa kweli nimesikitika.

Na farasi sasa! Ngozi zinang'aa kama zimepakwa samli. Msimamizi wangu wa kazi, mzee wa Kiingereza asiyechoka kusimulia, ameniambia farasi wote hawa wa nasaba, wa huku na wale wa Ngong Road pia, ukifuata ukoo wao unafika kwa madume watatu walioletwa Uingereza zamani kutoka nchi za Waarabu na Waturuki. Nikamwambia, basi hao walibahatika, waliingia bila vocha ya uhamiaji. Alicheka mpaka akakohoa.

Nilitembezwa kila mahali. Nimeona mabanda yananukia majani makavu, kiwanja kidogo cha duara ambako farasi hutembezwa watu wawatazame kabla ya mbio, reli nyeupe, majukwaa ya wenye nazo na ya akina sisi. Hawa watu wanajua kutunza kitu, usiwanyime haki yao. Lakini moyo wangu ulikuwa kwenye chumba cha mizani, maana huko ndiko kampuni yetu ya mizani ya Hayes ilikotutuma kukagua.

Mjomba, mizani ile! Ina kiti cha ngozi, mkono wa chuma mrefu kama mwanzi, na shaba iliyosuguliwa mpaka unajiona meno. Kila joki, yaani mpanda farasi, hukaa hapo na tandiko lake mapajani kabla ya mbio. Farasi mwenye nguvu hubebeshwa zaidi, kwa hiyo joki mwepesi huongezewa vipande vya madini ya risasi kwenye tandiko. Hesabu yao ni ya stoni, ratili kumi na nne kila moja. Tukapakia vyuma vyetu vikubwa, ikatulia. Kisha nikafungua sanduku lako nikaweka kale kajiwe ka wakia moja peke yake. Mkono ukainama! Mizani ya umri ule, na wakia moja inaisikia. Mzee akapiga mluzi. Nilitamani ungekuwepo, wallahi.

Halafu mbio zikakimbiwa. Mshindi alionekana na kila mwenye macho, alimtangulia mwenzake kwa mwili mzima. Lakini hakuna aliyelipwa. Watu maelfu wamesimama na tiketi zao za kamari, mabwana wenye kofia ndefu na wauza samaki, wote wanangoja. Joki akaja na tandiko lake, jasho linamtoka, akakaa tena kwenye kile kiti, ihakikishwe uzito haujapungua. Karani wa mizani akatazama, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Hapo ndipo wakatangaza, na kelele zikapasuka.

Nilisimama pale na sanduku la wizi kwapani, nikamfikiria Harrison. Yeye nani alimpima? Uniwie radhi, Mjomba, wewe ni mkubwa wangu na mkate wako nimekula, lakini ulimfukuza kwa sababu funguo zilikuwa kwake. Zilikuwa kwangu pia. Mimi hukuniuliza kwa sababu ni mpwa wako.

Nimemweleza msimamizi wangu kila kitu. Amenuna, maana mawe yale ndiyo yaliyonipatia kazi siku ya kwanza, na sijui kesho kazini atanitazama vipi. Na iwe.

Kesho nayatia posta kwa rejista, kwa anwani ya karakana yako, lakini kwa jina la Harrison. Posta haitampa mtu mwingine. Itabidi umtafute, umlete, asaini yeye.

Mama anakusalimu. Tangu jana nilipomweleza, ananisogezea chai tu. Salamu zangu kwa Mami Shirin, kwa Nurbanu na mchumba wake, na kwa jirani yetu Alibhai wa duka la vitambaa. Mowla akupe afya, akuzidishie umri, na awalinde wote nyumbani.

Harrison, kaka yangu, ukifika hapa ujue nasema na wewe. Mwizi ni mimi. Sikuombi unisamehe, bado sijastahili. Fungua sanduku kwa mikono yako mbele ya watu wote wa karakana, uyahesabu mawe, yapo kumi na mawili. Ukitaka kumrudishia Mjomba, mrudishie. Ukitaka kuondoka nayo, ondoka nayo mchana kweupe, na Mjomba, nakuomba, usimfuate.

Ni mimi, mpwa wako anayekupenda, niliyewakosea nyote wawili,

Alnashir