Ndiyo Ni Kufunga Bonde

Jumatatu, 4 Novemba

Mtendaji wa kijiji kaniita ofisini asubuhi. Nikajua ni zile sare za shule ambazo sijazimaliza – nikaenda na visingizio vitatu. Kumbe siyo! Anataka niwe mwelimishaji wa wananchi. Mimi, fundi cherehani!

Habari yenyewe ni hii. Kabla ya uchaguzi wa mwenyekiti mwishoni mwa mwezi, kijiji chetu kitapiga kura yake ndogo, Jumamosi ya tarehe 23, darasani shuleni. Hatuchagui mtu. Tunajibu maswali mawili kwenye karatasi ya njano, Ndiyo au Hapana. La kwanza, bonde la Chemchem lifungwe kwa mifugo miaka mitatu au lisifungwe. La pili, gulio lihame kutoka Jumapili kwenda Jumanne au libaki. Majibu ni ushauri tu kwa viongozi wapya. Siyo sheria.

Mtendaji wetu ni Calist, kijana mpole, ana mwaka mmoja tu hapa, anapenda maneno marefu. Kasema nimechaguliwa kwa sababu nina sauti, na kwa sababu kila mtu anapita kwangu kupimwa nguo. Nizunguke vitongoji vitatu. Sharti moja – nieleze, nisishawishi.

“Msimamo wako uuache nyumbani, mama Editha.”

Uache nyumbani! Mizinga thelathini na miwili ya kikundi chetu cha akina mama iko mle mle Chemchem. Na ng'ombe wa kaka yangu Mathayo wanakula mle mle. Nimejibu sawa. Nimerudi nikicheka peke yangu njiani.

Jumatano, 6 Novemba

Kitongoji cha Kati. Watu wengi kuliko nilivyotarajia! Nikajua wameniitikia. Baadaye ndiyo nikaelewa – tangazo lilisema “kura ya maoni”, wakadhani ni zile kura za ndani ya chama za kupata mgombea. Walikuja na kadi zao.

Nikaanza upya. Hakuna mgombea. Kuna Ndiyo na Hapana. Mzee mmoja aliyekaa mbele akanyoosha mkono, akauliza kwa heshima zote: huyu Ndiyo ni wa ukoo gani, maana Hapana hatampa kura, jina lake baya.

Nilijikaza. Scholastika hakujikaza – alitoka nje kabisa. Scholastika ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha nyuki na rafiki yangu tangu darasa la tatu. Alikuja kunisindikiza, akaishia kushika ukuta wa nje na kulia kwa kicheko.

Lakini mwishoni walielewa. Suala la gulio limepokelewa vizuri, wamechoka kuchagua kati ya ibada na vitunguu.

Ijumaa, 8 Novemba

Upepo siku nzima. Mawingu yamekuja, yamekwenda. Nimemaliza sare kumi na moja. Fredrick wangu ananiuliza wakati wa kula: nikitaka mlenda zaidi, niseme Ndiyo au nijaze karatasi? Mume huyu!

Jumamosi, 9 Novemba

Mlimani. Jua kali, tumekaa kwenye kivuli cha jiwe kubwa. Leo swali gumu kuliko yote, na wala sikuwa nimejiandaa. Kijana wa bodaboda kasema: kama ni ushauri tu, kwa nini nipoteze Jumamosi yangu? Watapokea, wataweka kabatini.

Bibi Rahabu, yule wa shamba la alizeti pale juu, akanisaidia bila kuombwa. Kasema marehemu mume wake alimwomba ushauri miaka arobaini na hakuufuata hata siku moja. “Lakini kila alipokosea alikuwa anajua kwamba nilimwambia. Hakuweza kunitazama usoni!”

Watu walipiga makofi. Kijana wa bodaboda kasema atakuja. Nami nimeyaandika hapa ili niyatumie Darajani, kwa ruhusa yake.

Jumanne, 12 Novemba

Darajani. Kule ndiko kwa wafugaji, ndiko kwa kaka Mathayo. Naandika mkono ukiwa mzito.

Ilianza vizuri. Shikamoo zimekwisha, maziwa yamezunguka, maelezo nimetoa. Ya Bibi Rahabu yamewachekesha hapa pia. Kisha nikasema tufanye jaribio. Nilikuwa nimekata karatasi za kalenda ya zamani, nikawasomea swali kama lilivyo kwenye karatasi halisi ya Mtendaji, neno kwa neno:

“Je, unaafiki kusitishwa kwa shughuli za malisho katika bonde la Chemchem kwa kipindi cha miaka mitatu?”

Wameweka alama zao, wametumbukiza kwenye ndoo. Watu ishirini na sita. Nimehesabu mbele yao. Ndiyo ishirini na nne!

Wakashangilia. Kaka Mathayo kasimama, kanyanyua fimbo. “Mmeona? Bonde letu, malisho yetu, miaka mitatu!”

Ndipo nikaelewa. Wamesikia “unaafiki” na “malisho”. Katikati pale “kusitishwa” limewapita. Wanaweka Ndiyo wakidhani wanafungua bonde – na Ndiyo ni kulifunga.

Nilifungua mdomo. Scholastika alikuwa nyuma yangu, akanibana mkono. Nikafunga mdomo. Nikakusanya karatasi zangu. Nikaaga.

Njiani kasema: Editha, wewe umesoma kilichoandikwa. Hukuongeza, hukupunguza. Chemchemi itapona, nyuki watatulia, na wao wenyewe ndio watakuwa wamesema. Wewe kosa lako liko wapi?

Mwaka huu mwezi wa tisa nilichota maji pale Chemchem kwa kikombe, kwato zimechimbua kila mahali. Nataka bonde lifungwe. Nalitaka kabisa! Hiyo ndiyo shida.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeshona suruali moja mara mbili. Miguu yote miwili nimeiunganisha pamoja.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua ya kwanza, ndogo. Harufu ya udongo tu. Scholastika kaja na asali kidogo, tumezungumza habari za kila kitu isipokuwa hiyo.

Jumamosi, 16 Novemba

Kaka Mathayo kafika asubuhi na mapema kwa baiskeli, kafunga dumu la maziwa nyuma. Nimemwamkia, kaitikia, kaketi. Kasema amekuja kunishukuru. Watu wa Darajani wamezoea kuja kusomewa matangazo na kuachwa hivyo hivyo. Mimi nimewaheshimu, nimewaeleza mpaka wakajaribu kwa mikono yao.

“Wote tutaweka Ndiyo, mdogo wangu. Hata wale wawili waliokosea nimeshawaelekeza.”

Wale wawili! Wale wawili ndio pekee walioelewa!

Sikuweza kuendelea kumficha. Maziwa ya moto mkononi, na huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka korongo nikienda shule. Nikasema: “Kaka, Ndiyo ni kufunga bonde.”

Hakuelewa. Nikarudia. Nikamletea karatasi, nikamwekea kidole kwenye lile neno. Kusitishwa. Kusimamishwa. Kukoma. Ng'ombe wasiingie.

Kwanza alicheka. Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaacha.

“Umejua tangu lini?”

“Tangu Jumanne.”

“Siku nne, Editha.”

Nikamwambia kila kitu – mizinga, kikombe cha maji, na kwamba mimi mwenyewe kura yangu ni ya kufunga, sitamficha. Alisikiliza, akitazama chini. Akasema mwaka jana ng'ombe wawili walilala wasiamke, kwa sababu kuanzia mwezi wa nane hakuna jani kokote isipokuwa pale Chemchem. Kasema yeye anaweza kushindwa, alishashindwa mara nyingi. “Lakini nishindwe kwa nilichosema. Nisishindwe kwa mdomo wangu mwenyewe.”

Kaondoka bila kuaga. Maziwa yameganda utando kwenye kikombe. Sikuyanywa.

Jumatatu, 18 Novemba

Kwa Mtendaji asubuhi, hata kabla hajafungua dirisha. Nikamweleza. Akabisha – swali liko wazi, Kiswahili fasaha. Nikamwomba alijibu yeye mwenyewe haraka haraka, nikalisoma kwa kasi ya mkutanoni, na nikamuuliza: wewe unataka ng'ombe waingie, unaweka nini?

“Ndiyo,” kasema. Kisha kajifunika uso kwa viganja, masikini!

Lakini karatasi zimeshatolewa fotokopi mjini Singida, zimegongwa mhuri, zimehesabiwa. Kuandika upya haiwezekani na siku zenyewe tano. Kaenda dirishani, karudi. Mwisho kasema: hatubadilishi swali, tunabadilisha maelezo. Niandike maana yake kwa lugha ya nyumbani, kubwa, iwekwe mlangoni siku ya kura, na nizunguke tena vitongoji vyote. Yeye atakuja nami na kusema hadharani kwamba swali aliandika yeye na aliandika vibaya.

Sikutegemea hilo. Kijana ana moyo.

Jumanne, 19 Novemba

Cherehani haijapumzika. Nimechukua shuka jeupe la zamani, nikashona herufi za kitenge:

NDIYO – NG'OMBE WASIINGIE
HAPANA – NG'OMBE WAENDELEE

Kwa wasiosoma nimekata na ng'ombe wawili wa kitambaa cheusi. Mmoja nje ya ua, mmoja anakula majani. Nimejitahidi pembe. Fredrick kaangalia kwa muda mrefu, kauliza kwa upole, mbwa wanahusikaje?

Jumatano, 20 Novemba

Mlimani na Kati kwa siku moja. Shuka linabebwa kwa miti miwili, Mtendaji upande huu, mimi upande ule, kama maandamano! Mtendaji kakiri kosa lake kila mahali, watu wakampigia makofi, naye sasa anaonekana kulipenda kosa lenyewe.

Bibi Rahabu kasogea mpaka pua karibu iguse kitambaa.

“Huyu ni mbuzi.”

“Ni ng'ombe, bibi. Shikamoo.”

“Marahaba. Huyu ni mbuzi. Na mbuzi je, wanaingia au hawaingii?”

Mtendaji kafungua faili. Karatasi inasema malisho, kwa hiyo mbuzi wamo, kondoo wamo. Nusu ya Mlimani ina mbuzi na haikujua kwamba swali linaihusu. Tumetumia saa nzima. Mwalimu mmoja kauliza na punda je. Punda nao.

Alhamisi, 21 Novemba

Darajani. Niliogopa hata salamu.

Mtendaji kasema yake. Mimi nikasimama, nikasema yangu: kwamba Jumanne ile niliona hawajaelewa na nikanyamaza, na kwamba nilinyamaza kwa sababu jibu lilinifaa. Nikasema samahani. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja alitema mate pembeni.

Tukarudia jaribio. Hapana ishirini na tisa, Ndiyo tatu. Watatu! Wanawake wanaochota maji, bila shaka. Tulipoondoka, kaka Mathayo alishika mti mmoja wa lile shuka, akaubeba hadi barabarani. Mtendaji akawa hana kazi, akabeba faili.

Scholastika alikuwa ananisubiri kwangu. Amesikia. Nimewahi kumwona kakasirika, sijawahi kumwona hivi – sauti ilikuwa chini kabisa. Kasema miaka sita tunapandisha ile mizinga juu ya miti, mvua na jua. Leo mimi nimekwenda na shuka langu kuwagawia watu bonde letu.

Nikasema sikuwagawia bonde. Nimewagawia swali.

“Uzuri wa maneno,” kasema, akaenda zake.

Ijumaa, 22 Novemba

Scholastika hajapita. Amechukua njia ya nyuma ya zahanati, ndefu, ili asipite mbele ya cherehani yangu.

Jumamosi, 23 Novemba

Saa mbili asubuhi. Mstari umefika kwenye goli la uwanja wa mpira! Watu mia tatu na zaidi, anasema Mtendaji, na wengine bado wanashuka Mlimani. Shuka langu liko mlangoni. Kila anayeingia anasimama, anasoma au anasomewa, anabishana na pembe, anaingia. Mimi nimeshapiga. Nimeweka Ndiyo, kama nilivyomwambia kaka kwamba nitaweka.

Saa nane. Kura zimefungwa. Nimekaa barazani na daftari gotini, kuhesabu kunaendelea ndani. Dirisha halina kioo, nasikia vyote. Mtendaji anasoma, Mathayo anasimamia kwa upande wa wafugaji, Scholastika kwa upande wa kikundi. Wamekaa dawati moja, lile la watoto wa darasa la pili, magoti yamefika kidevuni.

La gulio limekwisha. Linahamia Jumanne, kwa kishindo! Wameanza la bonde.

Saa tisa na nusu. Sabini na moja Ndiyo, sabini na nne Hapana. Wamesimama. Karatasi moja ina alama ndogo kwenye Ndiyo na nyingine kubwa kwenye Hapana. Mtendaji kasema imeharibika. Wa Darajani wanapiga kelele madirishani: wewe ndiye uliyetuandikia lile swali, leo unatusomea na majibu? Akina mama nao: wacha asome! Wengine: asisome!

Mtendaji katua karatasi mezani. Kasema basi, chagueni msomaji mwenyewe.

Namsikia kaka Mathayo akikohoa. “Asome Editha.”

Sasa itakuwa vita, nikajua. Nikaacha kuandika, nikangoja. Dawati limelia, mtu kasimama.

“Asome Editha,” kasema Scholastika. Hivyo tu. Sauti kavu, wala siyo ya urafiki.

Yupo mlangoni sasa hivi, chini ya shuka, ananitazama nikiandika. Hatabasamu. Anasema nifanye haraka, karatasi zimebaki nyingi na mawingu yanakuja. Ile yenye alama mbili wameiweka juu ya zote, niianze hiyo.

Naingia.